Joto la injini na kiyoyozi: mambo ya kukagua njia ya Arua–Koboko

Injini kupata joto kupita kiasi huweza kusimamisha gari lolote la mizigo kati ya Arua, Koboko na mpaka wa Oraba. Mara nyingi chanzo ni kitu cha bei ndogo. Gharama kubwa huja pale dereva anapoendelea na safari huku geji ikipanda.

Vumbi

Lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa takriban kilomita 92, imepunguza vumbi. Hata hivyo, gari linaloingia barabara za udongo za Kongo au Sudan Kusini hurudi na vumbi, nyasi na wadudu mbele ya rejeta. Kondensa ya kiyoyozi hukaa mbele ya rejeta, hivyo uchafu huo huharibu vyote viwili. Visafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje.

Mfuniko na maji

Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta wenye alama ya 0.9 hushikilia mgandamizo na kuyafanya yachemke karibu na nyuzi 115. Mpira wake ukichoka, maji hutoka na injini huungua.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha utando mgumu ndani ya rejeta, kama ule wa birika la chai. Kulanti iliyochanganywa na maji safi huzuia utando na kutu. Aidha, kagua mipira ya maji, mkanda wa feni, pampu na themostati.

Dalili za gasketi

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, mapovu kwenye rejeta au moshi mweupe usiokoma ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Kabla ya kufunga mpya, fundi apime kama hedi imepinda. Bila hivyo, kazi itarudiwa.

Kiyoyozi kisichopoza

Kagua kwanza mkanda, feni na uchafu wa kondensa, kisha gesi. Gesi haitumiki ikaisha kama mafuta; ikipungua, kuna mahali inavuja, na doa la oili kwenye maungio huonyesha wapi. Kujaza gesi bila kuziba ni kupoteza fedha.

Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R12, ambayo Itifaki ya Montreal ilitaka nchi zinazoendelea ziache kufikia 2010. Mengi yaliyofuata yanatumia R134a. Gesi hizo zisichanganywe, kwani oili zake hazipatani na kompresa huharibika.

Joto likipanda njiani

1. Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho, punguza mwendo.
2. Geji isiposhuka, simama na uzime injini.
3. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla injini haijapoa. Maji yake huunguza.
4. Baada ya kupoa, ongeza maji polepole. Maji baridi kwenye injini ya moto huweza kupasua hedi.

Mwenye mzigo wa samaki au nyanya huona saa moja ya kusubiri ni hasara. Lakini injini ikifa njiani, atalipa gari la pili la kuhamishia mzigo, na mwenye gari atalipa hedi.