Mzio wa macho: Daftari la mgonjwa humfaa tabibu

MAHINDI yanayopandwa Kitale na Bungoma mvua ya masika inapoanza, Machi au Aprili, huchanua kati ya Juni na Julai. Ndipo baadhi ya wakazi huanza kufikicha macho.

Lawama huangukia mbelewele za mahindi, si haki sana. Chavua ya mahindi ni nzito na nyingi huanguka karibu na shina lake, hivyo humsumbua zaidi anayepita kati ya mistari. Ile ya nyasi ni nyepesi na hupeperushwa mbali.

Mzio hutokea kinga ya mwili inapoidhania chavua kuwa adui. Kemikali iitwayo histamini humwagika, na macho yote mawili huwasha, huvimba na kutoa machozi. Maambukizi ya bakteria aghalabu huanzia jicho moja, yakiacha tongo zito la manjano linalogandisha kope asubuhi. Mwasho ndio ishara kuu ya mzio. Maumivu makali, kuogopa mwanga au kupungua kwa uwezo wa kuona humtaka mgonjwa aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Daftari la kawaida latosha. Kila jioni huandikwa tarehe, kiwango cha mwasho kuanzia 0 hadi 3, iwapo ni jicho moja au yote, kama kulikuwa na chafya, mvua au upepo, mahali mgonjwa alikoshinda na dawa aliyotia. Baada ya wiki tatu hivi mkondo huonekana. Anayewashwa Januari, mashamba yakiwa matupu, huenda tatizo lake ni vumbi au moshi wa jikoni. (Watoto, hasa wavulana, wana aina ya mzio ambayo katika nchi za joto yaweza kudumu mwaka mzima.)

Safu ya dawa ndiyo muhimu kupita zote. Matone yenye steroidi hutuliza mwasho upesi, na kwa sababu hiyo mzazi hurudi dukani kununua chupa nyingine bila kupimwa. Yakitumiwa kwa miezi, huweza kuleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Neva iliyoharibiwa na presha hairejei. Kufikicha nako huweza kupotosha umbo la konea.

Kitambaa safi kilicholowa maji baridi hupunguza mwasho, sawa na kunawa uso baada ya kutoka shambani. Usipokoma, daftari na chupa zote zilizotumika, hata tupu, hupelekwa kwa tabibu wa macho katika hospitali ya rufaa ya kaunti.