Hila

Hila (ngeli ya I-ZI) ni mbinu ya werevu inayotumiwa kumpotosha mtu ili mwenye kuitumia apate faida au akwepe madhara.

Asili. Neno limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaohusu kugeuka na kubadilika. Huko halikuwa na maana mbaya pekee, kwani lilitaja pia njia ya kutatua jambo gumu. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliandika Kitab al-Hiyal (hiyal ni wingi wa neno hilo), kitabu cha mitambo. Wanasheria wa Kiislamu nao waliita hiyal njia za kukwepa katazo bila kuvunja matini ya sheria. Kituruki na Kiajemi pia vimelichukua neno hilo.

Matumizi. Katika ngano, hila ni silaha ya mnyonge: Sungura huwashinda Fisi na Simba kwa akili. Nje ya ngano hubeba lawama, kama katika "mtu wa hila". Hadaa na ghushi, yenye maana za karibu, pia ni ya asili ya Kiarabu. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania, ulaghai wa fedha huitwa zaidi utapeli, mfano ujumbe wa simu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inaadhibu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Udanganyifu wa kutumia kompyuta umo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.