Kaseti, Flashi na Swali la Mama

Nilipoacha chuo, kazi yangu ya kwanza hapa Malindi ilikuwa kuwatilia watu muvi kwa flashi. Shilingi hamsini, flashi yajaa, mteja aenda zake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 niliijua, lakini sikujiona mwizi. Nilijiona fundi.

Kazi hiyo ina wazee wake. Kabla ya flashi, taarab ya Pwani ilisafiri kwa kaseti. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilirekodi waimbaji na kuuza kaseti zao. Mwenye redio ya kaseti mbili akainunua moja, akawanakilia majirani. Na hata muziki wenyewe uliazimwa. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alisifika kwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Sidhani kuna aliyepiga simu Bombay kuomba ruhusa.

Je, watu wetu hawapendi kulipa? Si kweli. Mwaka 2007 GTV iliingia Kenya na dekoda ya kuwalenga wasioweza bei ya DStv, ikaonyesha na Ligi Kuu ya Uingereza. Watu wakalipa. Januari 2009 kampuni ikafilisika, na waliolipa wakabaki na dekoda za kupambia meza. Netflix nayo ilifika Kenya 2016. Septemba 2021 ikafungua huduma ya bure kwa simu za Android, watu wakazoea. Novemba 2023 ikaifunga.

Leo mpira uko huku, tamthilia kule, kila mlango na ada yake ya mwezi, bando juu. Ukikosa kulipa mwezi mmoja, huna kitu. Kaseti za bibi yangu bado ziko kabatini, na ukizitia kwa redio zaimba. Nafikiri hicho ndicho wateja wangu walichokinunua kwa ile hamsini: kitu cha kukaa nacho. Bei ilikuwa sababu, lakini haikuwa peke yake.

Hivyo ndivyo nilivyojitetea miaka yote. Kisha mwaka jana makala yangu moja ikazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, jina langu limetolewa. Watu waliisifu sana. Mimi sikupata hata senti ya kununua unga. Nikamlalamikia mama, akanisikiza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na zile flashi je, mwanangu?"

Nikamwambia zile zilikuwa muvi za Hollywood, matajiri hawaumii. Mama hakunijibu, akaendelea kukuna nazi.

Lakini ndani ya flashi zile mlikuwa pia na taarab ya Mombasa, na nyimbo za vijana wa Kilifi waliorekodi kwa pesa za kuchangiwa. Nilizitia zote pamoja. Bei ilikuwa ile ile hamsini.