Jina la Mlima Wetu na Mahali pa Kulikata

Sisi tukaao Njoro, hapa Moshi, asubuhi isiyo na mawingu tukielekea kaskazini twakiona kilele cha Kibo chote. Lakini jina la mlima wenyewe twalikata wapi tulisomapo? Swali hili si la watoto wa darasa la kwanza tu.

Wadachi, walipoitawala nchi hii, waliliandika Kilimandscharo. Herufi nne nzima kwa sauti ile tuiandikayo kwa j peke yake! Tena desturi ya lugha yao ni kuunganisha maneno mawili matatu pasipo nafasi, na konsonanti zikikutana katikati, mara nyingi huachanishwa, moja ibaki nyuma na nyingine iende mbele. Reli iliyofika Moshi mwaka wa 1911 waliiita Usambarabahn, yaani Usambara na bahn, njia ya reli, wakatamka U-sam-ba-ra-bahn. Mswahili husema U-sa-mba-ra, kwa kuwa mb kwake haipasuliwi. Vivyo hivyo Mdachi hukata Ki-li-man-dscha-ro, nasi Ki-li-ma-nja-ro.

Anayeiacha n nyuma amelivunja neno kilima, na maana yapotea. Mmisionari Krapf, ambaye mwenzake Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, alilishika kilima kuwa neno zima, akafasiri jina kuwa mlima wa ukuu, au labda wa misafara. Lakini kilima ni mlima mdogo; nani angeuita hivyo mlima wa mita 5,895? Ndiyo sababu wengine wameliacha neno la Kiswahili, wakatafuta katika Kichaga: kilema, jambo lishindalo watu, na kyaro, safari. (Kilema ni jina la nchi pia, huko mlimani, ndiko alikofikia Rebmann, kwa Mangi Masaki.) Kwetu sisi fasiri hii yapendeza kuliko ile ya Krapf, ila haijathibitika. Wachaga wa zamani walitaja Kibo na Mawenzi, kila kilele kwa jina lake. Huenda jina refu ni la wasafiri walioutazama mlima kwa mbali.

Fasiri zote mbili hukata baada ya silabi ya tatu. Basi mchapaji akiishiwa na mstari, na aandike Kilima-, na chini yake njaro. Tulipata kuona kitabu kilichokatwa Kiliman-, na mtoto aliyekuwa akisoma kwa sauti akasimama penye ile n kama ng'ombe mbele ya daraja, asijue aendelee vipi.