Si Moto Peke Yake: Nyaraka, Majina na Nasaba ya Mhamiaji wa Kiayalandi

Nasaba ya Mwayalandi aliyehamia Marekani katika karne ya 19 haifuatiliwi mbali kabla ya kukutana na dai moja linalorudiwa mno: kwamba kumbukumbu za Ayalandi ziliteketea zote mwaka 1922, hivyo hakuna cha kutafuta. Dai hili lina msingi. Tarehe 30 Juni 1922, katika siku za kwanza za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, mlipuko na moto katika majengo ya Four Courts mjini Dublin viliangamiza sehemu kubwa ya hazina ya Ofisi ya Nyaraka za Umma, iliyoanzishwa mwaka 1867. Moto huo haubishaniwi. Kinachobishaniwa hapa ni matokeo yanayosingiziwa moto. Nasaba nyingi za Kiayalandi hukatikia Marekani, na mkataji mara nyingi ni mtafutaji mwenyewe, anapomkumbatia mtu mwenye jina sahihi ambaye si mtu wake.

Vilivyoungua vinajulikana. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 zilikuwa humo na hazikusalia ila vipande vya hapa na pale. Wosia nyingi zilipotea, pamoja na madaftari ya zaidi ya nusu ya parokia za Kanisa la Ayalandi, yaani la Kianglikana. Ila sensa za 1861 na 1871 hazikungoja vita: ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu kukusanywa. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hesabu hiyo, katika sensa nane za karne ile zilizoanza 1821, nne ziliangamizwa na makarani, wala mizinga haikuhusika. Jambo hili husahaulika kwa sababu moto husimulika vizuri kuliko amri ya ofisini.

Madaftari ya parokia za Kikatoliki, dini ya wahamiaji walio wengi, hayakuwa Four Courts kabisa. Yalibaki mikononi mwa mapadre, na picha zake zilizohifadhiwa na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ziko wazi kwa umma tangu Julai 2015. Usajili wa serikali wa vizazi, vifo na ndoa za watu wote, ulioanza tarehe 1 Januari 1864, umesalia. Vivyo hivyo vitabu vya makadirio ya zaka vya 1823 hadi 1837, Uthamini wa Griffith uliochapishwa kati ya 1847 na 1864 ukiwa na majina ya wenye kukodi ardhi na nyumba, na sensa za 1901 na 1911. Hata sensa zilizoungua ziliacha nyayo. Sheria ya pensheni ya wazee ya 1908 ilimtaka mwombaji athibitishe kuwa ametimiza miaka 70, ilhali usajili wa vizazi haukuwapo alipozaliwa. Makarani wakalazimika kumtafuta katika sensa za 1841 na 1851, na fomu za utafutaji huo zimehifadhiwa. (Pensheni hiyo yaelekea pia inaeleza kwa nini wazee wengi walizeeka kwa zaidi ya miaka kumi kati ya sensa ya 1901 na ile ya 1911.)

Ugumu uko kwingine. Karibu kila waraka wa Kiayalandi umepangwa kwa mahali: kaunti, parokia, na chini yake kitongoji, eneo dogo kabisa la ardhi lenye jina rasmi. Vitongoji hivyo vinazidi 60,000. Asiyejua kitongoji au walau parokia hana pa kuanzia, kwa kuwa akina Mary Kelly na John Murphy wamejaa katika kila kaunti. Nyaraka za Marekani, kwa upande wake, ziliridhika na neno moja, Ireland. Sensa ya 1850, ya kwanza kuorodhesha kila mtu huru kwa jina, ilitaja nchi ya kuzaliwa tu. Hati za uraia za kabla ya mageuzi ya 1906 kwa kawaida hufanya hivyo hivyo. Orodha za abiria hazikuuliza mengi zaidi ya jina, umri, kazi na nchi hadi sheria ya 1893. Marekani nayo ilipata moto wake: sehemu kubwa ya sensa ya 1890 iliharibika mjini Washington mwaka 1921, na kuwanyima watafiti picha ya miaka ishirini, kati ya 1880 na 1900.

Namna pengo hilo linavyojazwa kwa uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya inaonekana wazi katika kesi ya Annie Moore. Msichana huyu wa Cork alipanda meli ya Nevada katika bandari ya Queenstown, leo Cobh, akiwa na wadogo zake Anthony na Philip. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York. Tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo kipya cha Ellis Island, akazawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Ilisemwa kuwa siku hiyo alitimiza miaka 15. Alikuwa na 17. Magazeti yalipenda hadithi, na hadithi ilipenda umri mdogo.

Kwa miongo kadhaa iliaminika kuwa Annie alielekea magharibi, akaolewa Texas na kufa mwaka 1923 kwa kugongwa na tramu karibu na Fort Worth. Ukoo wa mwanamke huyo wa Texas ulialikwa katika hafla za kumbukumbu kwenye pande zote mbili za Atlantiki. Simulizi lilikuwa na kila sifa ya kuaminika: jina lililingana, umri ulikaribiana, familia ilikiri, na safari ya magharibi ilifanana na taswira ambayo Wamarekani wanayo juu ya wahamiaji. Halikuwa na waraka hata mmoja unaomuunganisha mwanamke yule na meli ya Nevada.

Mtaalamu wa nasaba Megan Smolenyak alipozipitia nyaraka upya, alikuta kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois. Hakuwahi kuwa mhamiaji. Mwaka 2006 Smolenyak alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayempata Annie wa kweli, na ufunguo ukatoka upande ambao wengi wasingeutazama. Brian Andersson, kamishna wa kumbukumbu wa Jiji la New York, alipata hati ya uraia ya Philip, yule mdogo wa kiume. Kutoka kwa Philip wakafikia sensa ya 1930, kutoka sensa wakafikia kizazi kilicho hai. Annie hakuondoka New York. Aliishi Manhattan, akaolewa na Joseph Augustus Schayer, mtoto wa wahamiaji Wakatoliki wa Kijerumani aliyefanya kazi katika soko la samaki la Fulton, akazaa watoto wasiopungua 11 ambao watano tu walifikia utu uzima, na akafariki mwaka 1924 akiwa na miaka 50.

Funzo la kimbinu ni zito kuliko kisa chenyewe. Waliomtafuta kwa jina lake walimpata mtu mwingine. Waliomtafuta kwa ndugu yake walimpata yeye. Jina la mtu mmoja ni ushahidi dhaifu, hasa katika jamii yenye majina machache ya ubatizo na mazoea ya kuwarithisha wajukuu majina ya babu na bibi. Kundi la majina ni ushahidi wenye nguvu: ndugu, mashahidi wa ndoa, wasimamizi wa ubatizo, majirani waliopanga jengo moja. Madaftari ya Kikatoliki yaliandika wasimamizi wawili karibu kwa kila mtoto, na mara nyingi hao walikuwa mashangazi, wajomba na baba wadogo. Mtafiti anayeruka safu hiyo ili awahi jina la baba anautupa ushahidi bora alionao.

Yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba Annie alikuwa maarufu, alizaliwa baada ya 1864, na hawakilishi wale waliokimbia Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Ni kweli, ila hata kwa hao Marekani ilihifadhi vyanzo ambavyo sensa yake haikuvijaribu. Emigrant Savings Bank, iliyofunguliwa New York mwaka 1850, iliwauliza wenye akaunti maswali ya utambulisho: mahali walipozaliwa, majina ya wazazi na ndugu, mara nyingi hata meli. Majibu yaliyokusudiwa kuwazuia wezi yamekuwa nasaba, na mwanahistoria Tyler Anbinder ameyatumia kufuatilia maisha ya wahamiaji hao kwa upana. Gazeti la Boston Pilot nalo, kati ya 1831 na 1921, lilichapisha matangazo ya kutafuta jamaa waliopoteana, mengi yakitaja parokia. Pingamizi la pili, kwamba majina yalibadilishwa na maofisa wa Ellis Island, halihitaji nafasi kubwa: orodha za abiria ziliandaliwa na makampuni ya meli kabla ya kutua, na maofisa walisoma kilichokwisha kuandikwa. La tatu hutegemea vipimo vya DNA. Vipimo huonyesha kuwa watu wawili wana damu moja. Havitaji kitongoji, na bila nyaraka mlingano wa binamu wa mbali hubaki kisio.

Mpaka wa kweli wa utafiti huu ni wa kitabaka zaidi kuliko wa moto. Kibarua aliyelala nyumbani kwa mwingine hamo katika Uthamini wa Griffith, na katika parokia nyingi za magharibi madaftari hayaanzi kabla ya miaka ya 1820 au 1830. Kwa mtu wa aina hiyo aliyeondoka mapema, daftari lake halikuungua, maana halikuandikwa kamwe. Kwa waliobaki, ambao yaelekea ndio wengi, anayedai kuwa 1922 ndiyo iliyomzuia hana budi kuonyesha kwanza kwamba amekwisha kusoma hati za ndoa, vifo na uraia za kila ndugu wa mhamiaji wake huko Marekani.