Charles Yupi? Historia ya Jina Moja Katika Kwaya Yetu

Tulipoandaa kijitabu hiki cha Yubilei tulifungua daftari la kwanza la kwaya. Katika orodha ya besi tulikuta mwimbaji mmoja ameandikwa jina moja tu: Charles. Familia mbili hapa Boito zinasema huyo ni baba yao. Basi tukalifuatilia jina lenyewe.

Charles ni jina la Ulaya, lenye asili katika lugha za kale za Kijerumani. Maana yake ni mtu huru. Wafalme wengi wameitwa hivyo, hata huyu wa sasa wa Uingereza. Ila sisi waimbaji tuna akina Charles wetu. Charles Wesley (1707–1788), Mwingereza, alitunga maneno ya tenzi zaidi ya 6,000. Charles Converse, wakili Mmarekani, alitunga mwaka 1868 sauti ya ule wimbo wa Yesu rafiki yetu, ambao tumeuimba katika mazishi mengi. Charles Tindley alizaliwa Maryland mwaka 1851, baba yake akiwa mtumwa. Alijifunza kusoma mwenyewe, akawa mfagiaji wa kanisa moja Philadelphia, baadaye akawa mchungaji wa kanisa hilohilo na mtunzi wa nyimbo. Jirani zetu Wakisii nao wana Charles Asati, mmoja wa Wakenya wanne walioshinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, Munich 1972.

Wazee wetu walipobatizwa waliyapokea majina haya kwa furaha, nasi hatuwalaumu. Lakini kwa Wakipsigis jina lilikuwa kumbukumbu. Kipkoech alizaliwa alfajiri, Kiplangat jioni. Mtoto alipozaliwa, majina ya waliotangulia yalitajwa moja moja hadi apige chafya. Aliyeandika daftari letu aliacha hayo yote, akabakiza jina la ubatizo. Leo tunaijua maana ya Charles, lakini mzee wetu hatumjui.

Kwa hiyo kamati imekubali kwamba cheti cha mwanzilishi kitolewe kwa familia zote mbili. Na katika orodha ya ukurasa wa mwisho, kila mwimbaji ameandikwa majina yake matatu: la ubatizo, la kuzaliwa na la baba. Tafadhali kagua lako kabla hujaondoka leo. Wajukuu wetu wakifungua daftari hili, wasiulize tena: Charles yupi?