Santuri za mitumba: hazina ya muziki wa Pwani iliyolala maboksini

MPITA njia anayeshuka matatu Kona ya Musa, eneo la Diani, Kaunti ya Kwale, si rahisi afikirie kwamba sehemu ya historia ya muziki wa Pwani huenda imelala ndani ya boksi lililojaa vumbi. Hata hivyo, popote panapouzwa vyombo vya nyumbani vilivyokwisha kutumika, iwe kusini mwa Likoni au katika vichochoro vya Mombasa, santuri kuukuu huweza kuchomoza kati ya sufuria, vitabu na redio mbovu.

Kwa wengi, sahani hizo nyeusi ni takataka za kuchomwa pamoja na majani makavu. Kwa anayezijua, ni sauti za watu ambao wengi wao wameshaaga dunia, wakiimba mashairi ambayo pengine hayakuwahi kuchapishwa kitabuni. Santuri ikivunjika, wimbo nao huweza kupotea.

ZILIVYOENEA PWANI

Uswahilini, santuri zina historia ndefu. Mnamo mwaka wa 1928, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarab kwa Kiswahili. Santuri za wakati huo zilizunguka mara 78 kwa dakika na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi.

Baadaye Mombasa ilijipatia mzalishaji wake. Duka la Assanand and Sons lilirekodi na kuuza nyimbo za Pwani kwa lebo iliyoitwa Mzuri. Miongoni mwa waliosikika nyakati hizo ni Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Matano Juma, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Nyingi za nyimbo hizo zilitolewa kwenye santuri ndogo za inchi saba zenye mizunguko 45 kwa dakika.

Umuhimu wake hauko katika midundo pekee. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, aliimba tungo za washairi wa Mvita, akiwemo binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa diwani ya Malenga wa Mvita. Kwa hivyo anayeokota santuri ya aina hiyo huwa ameokota shairi, sauti na lahaja kwa pamoja.

Kaseti zilipoenea, hasa katika miaka ya 1980, santuri zilianza kusukumwa pembeni. Nyumba nyingi zilizitia uvunguni, nyingine zikazitupa. Ni hadi mwaka wa 2005 ambapo kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa diski ya mkusanyiko wa taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975, katika mfululizo uitwao Zanzibara. Mwaka wa 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza nayo ikatoa Kenya Special, mkusanyiko wa nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 za humu nchini. Ajabu ni kwamba wageni ndio waliotangulia kuthamini kile ambacho wenyewe walikuwa wakikitupa.

NYIMBO ZILIZOVUKA BAHARI

Barani Ulaya, santuri za mitumba hupatikana kwa wingi katika maduka ya hisani, yaani maduka yanayouza vitu vilivyotolewa bure na wananchi ili mapato yasaidie wenye shida. Shirika la Oxfam la Uingereza lilianza biashara ya namna hiyo mjini Oxford katika miaka ya 1940, na mashirika mengine yakafuata. Nchini Kenya maduka ya aina hiyo si ya kawaida. Kazi yake hufanywa na wachuuzi wa mitumba na wanunuzi wa vyombo vikuukuu.

Anayepekua maboksi ya maduka hayo ya ng'ambo huweza kukutana na Afrika Mashariki bila kutarajia. Wimbo wa Helule Helule wa Daudi Kabaka uliimbwa upya na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka wa 1968. Malaika, uliovuma hapa kupitia sauti ya Fadhili William, umo katika santuri ya Harry Belafonte na Miriam Makeba ya mwaka wa 1965, na kundi la Boney M. liliutoa tena mwaka wa 1981.

Wimbo unaowahusu zaidi watu wa Diani ni Jambo Bwana. Ulitolewa na Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa na kukulia katika hoteli za ufuoni, mwaka wa 1982. Boney M. waliuimba kwa namna yao mwaka uliofuata. Watalii waliousikia katika kumbi za hoteli walirudi kwao na nakala za santuri ziwe kumbukumbu ya likizo. Mwenye jamaa aliye Ujerumani au Uingereza anaweza kumwomba atupie jicho maboksi hayo apitapo, kwani huenda wimbo wa nyumbani ukawa unauzwa huko kwa bei ya kikombe cha chai.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, aitoe santuri ndani ya jalada na kuielekeza kwenye mwanga. Mikwaruzo midogo isiyohisika kwa ukucha aghalabu huleta kelele kidogo tu. Mkwaruzo unaohisika kwa ukucha huweza kuifanya sindano iruke.

Pili, aishike usawa wa macho kutazama kama imepinda. Jua la Pwani ni adui mkubwa. Santuri ya vinili iliyoachwa ndani ya gari mchana hujikunja.

Tatu, asome karatasi ya katikati: jina la mwimbaji, mtunzi, kampuni na namba. Kwenye sehemu laini iliyo karibu na karatasi hiyo mara nyingi huwa pamechongwa namba nyingine inayosaidia kuitambua rekodi hata kama maandishi yamefutika. Mwenye kuona jina la Mzuri au Equator asiharakishe kuirudisha bokisini.

Nne, atofautishe sheleki na vinili. Santuri za kale za mizunguko 78 zilitengenezwa kwa sheleki, gundi itokanayo na wadudu. Ni nzito na huvunjika kama kigae. Vinili ni plastiki na hunyumbuka kidogo. Aidha, mifereji ya santuri ya 78 ni mipana, hivyo huhitaji sindano yake maalumu.

Tano, aulize pande zote mbili zikoje. Katika rumba na benga ya Kenya ilikuwa desturi wimbo mmoja kugawanywa, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa nyuma. Upande mmoja ukiharibika, mnunuzi hubaki na nusu ya wimbo.

UTUNZAJI

Unyevu na chumvi ya bahari huleta kuvu kwenye majalada. Santuri ya vinili husafishwa kwa kitambaa laini, maji yaliyochujwa vyema na tone la sabuni ya vyombo, kwa kufuata mwelekeo wa mifereji na bila kulowesha karatasi ya katikati. Spiriti isitumiwe kamwe kwenye sheleki, kwani huiyeyusha. Baada ya kukauka, santuri zisimamishwe wima kama vitabu, mahali penye hewa, mbali na dirisha. Zikilazwa moja juu ya nyingine hupinda kwa uzito.

KUSHIRIKIANA

Raha ya ngekewa ni kuwaonyesha wenzako. Jijini Nairobi, James Rugami alijipatia jina kwa kibanda chake cha santuri katika Soko la Kenyatta, mahali ambapo wapenzi wa muziki huja kununua, kusikiliza na kubishana. Mfano huo hauhitaji mtaji mkubwa kuigwa Ukunda au Msambweni: mashine moja inayofanya kazi, kivuli cha mwembe na wazee wanaokumbuka nani alipiga udi na harusi ya nani. Maelezo hayo yaandikwe papo hapo, kwani hayamo kwenye jalada.

Hata hivyo, kuna mpaka wa kisheria. Kuuza au kubadilishana santuri yenyewe si kosa. Kunakili wimbo na kuusambaza kwenye intaneti ni jambo jingine. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya rekodi ya sauti nchini Kenya hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, ilhali haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kuwa rekodi ya mwaka 1970 inaweza kuwa huru huku shairi lililomo likiwa bado ni mali ya warithi. Ni busara, na ni haki, kuwatafuta kwanza.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nchini Marekani, mauzo ya santuri mpya yaliipita diski ya CD kwa mapato mwaka wa 2020, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya 1980. Dunia imeirudia santuri. Lakini zile za Pwani zilizo maboksini hazitengenezwi tena, na kila msimu wa mvua unaopita huondoka na baadhi yake. Anayekusudia kusafisha stoo ya marehemu babu yake afungue boksi kwanza, ndipo awashe moto.